Karamu Isiyo na Moto

Ijumaa, tarehe 9 Februari. Leo natimiza miezi kumi na moja tangu niondoke.

Mama watoto,

Mimi mzima, ila jua la hapa linatukaanga chini ya mabati ya bweni la wajenzi. Msimamizi amekataza kuwasha moto, basi kila mtu hula mkate wake kitandani, uso ukutani.

Jumapili iliyopita nilichoka kula hivyo. Nikakatia matango, nyanya na vitunguu kwenye ndoo mpya, nikachanganya maharage ya kopo, nikakamulia ndimu. Tukatandika mbao uani, wakaja watu kumi na wanne. Mzee fundi, ambaye sijawahi kumsikia akicheka, akasema, "Kumbe shemeji kaolewa na mpishi, sisi hapa tunambebesha zege."

Msimamizi akatokea. "Nani kawasha moto?"

"Hakuna moto, bosi," nikamwambia. "Gusa ndoo."

Akaigusa kweli. Watu wakaangua kicheko, na hapo ndipo alipokasirika. Akasema nikiandaa karamu tena, kazi sina.

Najua kazi hii ndiyo inayowalisha watoto. Lakini mimi ni mtu, si toroli, na kula nikitazama ukuta kumenishinda. Keshokutwa naandaa tena, na safari hii nimemwalika na yeye. Hajajibu.

Dereva wa lori anayekuletea barua hii anaondoka leo. Msimamizi akikaa kula nasi, nitarudi mwezi wa sita kama tulivyopanga. Asipokaa, nitegemee Jumatano.

Mumeo