Barua Isiyo na Wino

Tarehe 12 Februari

Mume wangu, baba watoto,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi. Mimi mzima, ila mikono yangu siitambui. Wewe je? Macho yanaendeleaje? Yale matone unaweka mwenyewe asubuhi na jioni, au mpaka dada yako akukimbize na kichupa?

Nilifika salama. Chumba nilichopata kiko nyuma ya karakana, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Mashine zikianza saa moja, kikombe changu kinacheza mezani chenyewe.

Siku ya kwanza nilijifunga leso kiunoni, nikasema leo nashika mashine ya kukereza, nizungushe chuma na kukichonga kama wewe. Wapi! Nilipewa kipande cha chuma kikubwa kama sabuni ya kufulia, na tupa. Nikaambiwa, "Mama, kisugue kiwe na pembe sita sawasawa. Kikiwa sawa, njoo." Nina wiki ya tatu nasugua. Fundi mkuu anakichukua, anakiwekea kipimo cha pembe, anakiinua dirishani. Mwanga ukipenya katikati hata kama uzi, anapiga kelele, "Kumekucha!" na karakana nzima inaitikia, "Kumekucha!" Ndiyo maana wanamwita Mzee Kumekucha. Kwangu mimi kumekucha mara kumi na nne.

Vijana walinitania siku ile ile. "Mama, umepotea? Duka la vitambaa liko barabara ya pili." Nikawajibu, "Nimekuja kuwapima suruali za chuma, hizo mlizovaa zimewashinda." Tangu hapo wananipisha bombani.

Lakini nikiwa peke yangu sitanii. Nakumbuka siku tuliyotoka kwa daktari. Alisema jicho la kushoto limekwisha, la kulia lina mwaka mmoja likiwa na bahati. Tulipofika mlangoni ukasema, "Mashine yangu ya kukereza haiuzwi. Utaiendesha wewe. Nikikuona mara moja tu umesimama pale unakereza, basi, Mungu afunge pazia." Mimi mshona nguo, darasa la saba, miaka arobaini na saba! Nikacheka, nikaona hucheki.

Fundi anasema mtihani wa kwanza ni Julai. Kwa hiyo subiri. Liambie jicho lako lisubiri.

Mkeo, mama watoto

*

Tarehe 3 Machi

Mama watoto, mke wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya nne nikaisoma tu kwa uroho. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Matone naweka. Dada yangu ananisimamia kama polisi. Anasema wifi yake alimwachia zamu na yeye hataki kesi.

Usikasirikie tupa. Mimi nilisugua miezi miwili. Sikiliza: husukumi kwa mikono, unasukuma kwa nyonga, miguu umeipanua kama mtu anayesukuma gari bovu. Na usibonyeze wakati wa kurudi. Unabonyeza ukienda, unainua ukirudi. Kitanda kiko kipana mno. Naona nimeingiza jambo lisilohusu tupa, lakini wino umeshapita.

Nimeipaka mashine mafuta, nimeifunika shuka lako la maua. Dada aliuliza shuka liko wapi, nikamwambia limepata kazi.

Mumeo

*

Tarehe 20 Mei

Baba watoto,

Natumaini hujambo, na nyumba nzima haijambo. Nisamehe kwa kimya. Nimekuwa nikirudi chumbani nimechoka hata sala nasali nimekaa.

Sikia basi! Mwezi wa Machi, tarehe ishirini na mbili, Mzee Kumekucha aliinua kile kipande dirishani. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Watu wameshaandaa makoo. Akakishusha mezani akasema, "Giza." Neno moja tu. Vijana wakapiga makopo. Nililia, nikasingizia vumbi.

Sasa niko kwenye mashine. Mara ya kwanza maranda ya chuma yalipotoka yamejikunja, ya moto, rangi ya asali, nilitaka kukuita. Niligeuza kichwa kabisa, kama vile umesimama nyuma yangu. Fundi akafoka, "Macho mbele! Mashine haina huruma na mtu mwenye mawazo." Ana haki. Lakini mawazo nitayaweka wapi?

Kushona kulinidekeza. Kitambaa ukikosea unatia kiraka, unatia ua juu yake, mteja anakusifu. Chuma ukishakila kimeliwa.

Mtihani ni tarehe 10 Julai. Tunakereza shafti, fimbo nene ya chuma, iingie kwenye tundu la beringi, isilegee, isikwame. Nikifaulu, tarehe 15 niko nyumbani. Nahesabu siku kama mtoto.

Nami nikuulize na unijibu kweli: jicho la kulia likoje?

Mkeo

*

Tarehe 9 Juni

Mke wangu,

Mimi mzima. Jicho liko vizuri. Usishangae mwandiko kuwa mkubwa na kupanda mlima, miwani imeanguka na dada ameikalia. Ana mwili, unamjua.

Nafurahi kuhusu maranda. Rangi ya asali maana yake kisu kinakula vizuri. Yakigeuka buluu, punguza mwendo.

Tarehe 15 Julai nitakuwa mlangoni. Wewe soma kazi yako, usinihesabu mimi.

Mumeo

*

Tarehe 14 Julai

Baba watoto,

Nakusalimu, ingawa uso wa kukusalimu sina. Sitakuja kesho.

Nieleze kama mtu anayeungama. Tulipewa masaa matatu. Kufika saa ya pili nilikuwa nimebakiza unywele. Mkoba nilikuwa nimeshaufunga chumbani, nguo zako nilizokushonea ziko juu. Nikakereza mara ya mwisho, nikasimamisha mashine, nikapima hapo hapo. Sawa kabisa! Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikampelekea fundi shafti ikiwa imefungwa kwenye tambara maana ilikuwa ya moto.

Aliishika kwenye lile tambara, akanitazama. Akasema, "Mama, umepima sasa hivi?" Nikasema ndiyo. Hakunifokea. Aliichovya kwenye ndoo ya maji, ikalia, akaifuta, akaiingiza kwenye beringi. Ilipita kama kidole cha mtoto kwenye pete ya baba yake. Ikaanguka chini upande wa pili.

Chuma cha moto kimevimba, nani asiyejua? Nimeambiwa tangu siku ya kwanza: kaa chini, kunywa maji, kipoe, ndipo upime. Nilishindwa kukaa chini robo saa. Kwa robo saa nimepoteza miezi mitatu, maana mtihani mwingine ni tarehe 12 Oktoba, na fundi hamwachii mtu aondoke na nusu ya kazi. Anasema nusu fundi ni muuaji.

Nimekukosea. Sijamwomba Mungu kitu kikubwa mwaka huu, ni hicho kimoja tu, unione. Sasa naogopa kuomba hata hicho.

Mkeo

*

Tarehe 19 Agosti

Mume wangu,

Hii nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya wifi. Wifi, najua ni wewe unayesoma. Soma polepole, usiruke mstari, na ukifika mahali pa aibu funga macho uendelee.

Barua yako ilinifikia jana mchana. Anwani ilikuwa mwandiko wa wifi. Nikaifungua nimeketi kwenye ndoo, wenzangu wanakula. Karatasi mbili. Nyeupe. Nikazigeuza nyuma, nyeupe. Kijana mmoja akasema, "Mama, mzee amekununia mpaka kwenye karatasi!" Wakacheka, nami nikacheka, nikasema umekosea ukaweka karatasi isiyo yenyewe.

Kisha kidole changu kikapita juu yake. Unajua vidole vyetu sisi watu wa karakana, kazi yao ni kutafuta mkwaruzo ambao jicho halijauona. Palikuwa na mikwaruzo. Mstari hadi mstari. Ulikuwa umeandika, baba watoto. Umeandika kurasa mbili kwa kalamu iliyokwisha wino, ukazikunja mwenyewe, ukafunga bahasha kwa mate yako, ukamkabidhi dada yako.

Sikupiga kelele. Nilimwomba Mzee Kumekucha lile kopo la rangi ya buluu, ile tunayopaka kwenye chuma kujua wapi pameinuka na wapi pamebonyea. Nikaipaka kwa tambara, nyembamba sana. Maneno yakatoka meupe, moja moja, kama watu wanaotoka kwenye ukungu.

Unajua mstari wa kwanza uliandikaje? "Mke wangu, usiwe na hofu, jicho langu linaona vizuri, hata sasa nakuandikia bila miwani."

Hapo nilitoka nje.

Nilirudi nikasoma yote. Yale ya mtihani, kwamba hakuna mkereza asiyewahi kupima chuma cha moto, na kwamba wewe uliharibu tatu kwa wiki moja sababu nilikuwa nimekubali posa yako. Yale ya ukurasa wa pili sitayarudia, wifi yupo. Nimeyasoma. Nina umri huu na nimeona haya mbele ya karatasi.

Mzee alikuja akasimama. Akaona buluu mikononi mwangu na usoni. Nikamweleza. Akasema, "Ukitaka kwenda, nenda leo. Sitasema kitu." Mtu huyu, asiyemwachia mtu! Nikakusanya nguo. Nikafika mpaka kituo cha basi, nikakata tiketi, nikakaa na mkoba mapajani. Basi likaja, likajaa, likaondoka.

Sikupanda. Sijui kama nitaweza kukueleza. Miezi sita nimekimbizana na jicho lako, na kwa kukimbia nikapima chuma cha moto. Sasa limetangulia. Nikija leo nitakuja na mikono mitupu kwa mtu asiyeona, tutaketi wawili tuomboleze, na mashine chini ya shuka. Nikamwambia Mungu: hukunipa nililoomba, basi nipe nguvu ya kukaa chini. Nikarudi karakana. Mzee alinisogezea tu kipande kipya.

Ila nakuomba. Usiniandikie tena kwamba unaona. Hilo ndilo lililonikata. Niandikie kweli, kwa wino au bila wino, nitaisoma.

Mkeo

*

Tarehe 1 Septemba

Mama watoto,

Dada amesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza alilia, ya pili akanitukana, ya tatu akauliza ukurasa wa pili ulisemaje. Nikamwambia ni habari za tupa.

Mimi mzima wa mwili. Naandika mwenyewe. Chini ya mkono nimeweka rula, naisogeza kila mstari ukiisha, na kalamu hii dada ameijaribu kwenye kalenda. Anasema inaandika. Nisipomwamini yeye nitamwamini nani.

Kweli uliyoitaka ni hii. Barua yako ya shafti ilifika asubuhi. Nilikuwa naisoma dirishani, karatasi karibu na pua. Nilipofika pale "ilipita kama kidole cha mtoto kwenye pete ya baba yake" nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikayafuta. Nikaendelea kuyafuta. Nikadhani bado ni machozi. Maneno hayo ndiyo kitu cha mwisho nilichokisoma duniani, na niliyasoma nikicheka. Usijilaumu tena. Kuna watu mwisho wao ni kuona dari ya hospitali.

Nilikudanganya kwa sababu nilijua ungekata tiketi. Sikujua kwamba ungeliacha basi. Hapo umenishinda.

Ila sitakuficha, naumia. Nilitaka kuona unavyosimama. Kama unainama sana. Kama umefunga leso au umevaa kofia. Namwuliza Mungu, hajanijibu, nami sijaacha kuuliza.

Jana niliondoa shuka, nikaiwasha mashine bila kukereza chochote, izunguke tu. Dada akaja mbio akidhani nimepotewa na akili. Nikamwambia asogee. Nilikuwa napima mahali utakaposimama, na mahali nitakaposimama mimi ili mkono wangu ufike begani kwako nisikuzuie kiwiko. Ni hatua moja na nusu. Nimepiga msumari sakafuni, miguu yangu iujue.

Kaa mpaka Oktoba. Kaa chini, kunywa maji, kipoe. Kisha uje.

Mumeo