Kadi Isiyovuka Jimbo

Kaka yangu Bahati,

Wamekuzika Jumamosi, katika jimbo ambamo hukumaliza hata mwaka mmoja. Nilitazama mazishi yako kwenye simu, jikoni kwa mzee ninayemhudumia hapa Doonside, Sydney, kwa sababu wikendi hana mtu mwingine wa kumwogesha. Nililia huku nimeshika taulo lake. Sasa nakuandikia hadharani, maana nina jambo la kukiri na nimechoka kulificha.

Unazikumbuka asubuhi zetu? Mimi niko stesheni Alhamisi, wewe huko Marekani bado uko Jumatano alasiri, umetoka kiwandani, unataka nikuulize maswali ya mtihani wa uraia. Tuliachana katika kambi ya wakimbizi Kigoma, wewe wakakupa Marekani, mimi Australia. Mtihani ule ukatufanya tena watoto wa dawati moja.

"Mihimili ya serikali iko ngapi?"

"Tatu. Bunge, Rais, Mahakama." Kisha ukaangua kicheko. "Kwetu ilikuwa moja tu: mama. Anatunga sheria, anahukumu, na fimbo anachapa yeye mwenyewe!"

Nilicheka mpaka bibi mmoja wa Kizungu akahama kiti.

Kilichokutoa jasho ni mgawanyo wa madaraka. Kuchapa noti, kutangaza vita, kufanya mikataba na nchi za nje: hayo ni ya serikali ya shirikisho. Shule, polisi, leseni ya udereva: hayo ni ya majimbo. Ulichanganya wiki nzima, nami nikakugombeza kama mwalimu. Siku uliyoyataja yote bila kukwama nilikupigia makofi humo humo behewani. Ukafaulu, ukaapa, ukanitumia picha umeshika bendera ndogo, koti limekuzidi mabega.

Halafu ukapata kazi nzuri zaidi kwenye ghala, jimbo jingine, karibu na kanisa la watu wetu. Ulikuwa na wasiwasi mmoja tu, dawa zako za presha. Ukaniuliza kama kadi yako ya matibabu itakubaliwa kule.

Sikufikiri hata dakika moja, kaka. Mimi nilihama Brisbane kuja Sydney, jimbo jingine, na kadi yangu mfukoni, na daktari wa kwanza akaipokea bila swali. Kambini nako kadi moja ilitosha kwa unga, kwa zahanati, kwa kila kitu. Nikakujibu kwa kujiamini kabisa: "Ile kadi iko ya serikali, kaka. Na serikali iko moja. Hama tu, usiogope."

Serikali iko moja! Mimi niliyekukaririsha majimbo na shirikisho mpaka sauti ikakauka! Majibu tulikuwa nayo mdomoni, wala hatukujua kwamba yanahusu vidonge vyako.

Ulipofika kule wakakwambia kadi yako ni ya jimbo ulilotoka, hapa uanze fomu upya. Hukuniambia; niliyasikia kwa watu wa kanisa lenu baada ya kifo chako. Labda hukutaka kunitia aibu. Fomu ikakaa mezani, dawa zikaisha, na kila nilipopiga simu ulisema kichwa kinauma kidogo tu. Ukaanguka kazini, katikati ya maboksi, kabla fomu haijajazwa.

Kanisani wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Naitikia amina, lakini moyo wangu unakataa. Ni mdomo wangu huu, na ningeweza kuufunga. Ningeweza kusema sijui, neno dogo namna hiyo, nawe ungeenda kuuliza.

Tangu msiba nilikuwa naikwepa simu ya mkeo Esta. Niliogopa aniulize ni nani aliyekudanganya. Jana nilijikaza, nikampigia, nikamweleza kila kitu, kwamba mshauri wako nilikuwa mimi.

Alisema taratibu, bila hasira:

"Nilijua, wifi. Nilimuambia aende kwanza aulize ofisini. Akakataa. Akasema, mdogo wangu amesoma. Akisema iko sawa, basi iko sawa."

Pumzika, kaka. Najua ungesema si kosa langu. Ungesema upesi, kama ulivyoniamini upesi, na ungecheka, ndiyo maana nashindwa kujisamehe.

Mdogo wako aliyesoma,

Furaha