Chafya ya Mtoto wa Jebiwott

Kibitok mjukuu wangu,

Wewe mtoto, nyumba ya Kogo, nyanya yako, imeota miiba? Mahindi yamepandwa hadi yakavunwa hujakanyaga Moiben, na simu yako imezimwa.

Dada yako Jebiwott amejifungua mvulana. Tuliketi kumtafutia jina, tukitaja marehemu wetu mmoja mmoja mpaka apige chafya, tujue ni nani amerudi. Alinyamaza kama jiwe. Ndipo Mama Tabsabei, ambaye siku hizi huchanganya wafu na walio hai, akasema, "Kibitok." Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Jebiwott akasema, "Ni vumbi la mahindi tu, Kogo."

Priscah, yule mwalimu jirani anayeniandikia, anasema neno lenye maana mbili husomwa kwa majirani zake. "Kaa" likiwa karibu na jiko ni la moto, likiwa karibu na kiti ni kuketi. Mimi sikusoma, lakini chafya hiyo naisoma vivyo hivyo. Nikiiweka karibu na gunia la mahindi, ni vumbi. Nikiiweka karibu na simu yako, chakula hakinishuki.

Ng'ombe mwekundu amezaa. Maziwa yako ya mursik yamegandia kwenye kibuyu, na hakuna wa kuyagusa.

Mtoto bado hana jina, maana nimekataa apewe lako.

Ukija, usiingie kimya kimya kama ulivyozoea. Simama langoni, ulitaje jina lako kwa sauti, mtoto asikie kwamba lina mwenyewe.

Ni mimi, Kogo wako.