Zabuni ya Maharage na Mama Mkwe

Jumanne, Katesh. Wingu limeukalia mlima tangu asubuhi na upepo unapenya hadi ndani ya soksi. Mimi natokwa jasho la aibu.

Kwa miaka minne mgahawa wangu umetegemea maharage ya mama mkwe, kutoka Maretadu. Sikumchagua. Nilipoolewa, alikuja pamoja na magunia yake. Maharage yanachemka tangu alfajiri, na saa saba mchana bado yanagonga sahani. Wiki iliyopita dereva wa lori alitema harage moja mezani, akaniuliza kama nina ugomvi naye.

Wateja wameanza kuhamia kwa jirani. Kumkataa mama wa mume wangu siwezi, kwa hiyo nikakumbuka semina ya wajasiriamali: tangaza, pokea sampuli, linganisha. Nikabandika tangazo mlangoni.

Nakiri hapa: nilitaka karatasi imkatae, siyo mimi.

Leo wamekuja wawili. Theresia, mkulima wa Endasak, kaleta kilo moja ya maharage. Mama mkwe kaleta kilo moja na bahasha iliyobandikwa gundi pande zote. Ndani ameandika: "Mimi ni mama mkwe wa mwenye mgahawa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamati ya zabuni iko wapi?"

Kamati ilikuwa mimi na aproni yangu.

Nikabandika sufuria mbili, maji sawa, moto sawa. Mama akavuta stuli akakaa katikati kulinda yake yasihujumiwe. Baada ya saa moja na nusu, ya Theresia yalikuwa yamelainika. Ya mama yalikuwa yanarukaruka kama kokoto.

Nikajikohoza nianze hotuba. Kabla sijafungua mdomo, mama akachota kijiko kwenye sufuria ya Theresia, akala. Akachota tena. Akaomba chapati.

"Haya ni mbegu gani, mwanangu?" akamwuliza Theresia. Kisha akanigeukia mimi. "Haya yangu nyumbani tulishaacha kuyapika. Nakuletea wewe kwa sababu hujawahi kulalamika. Nikajua unayapenda."

Miaka minne!

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Theresia ataanza kuleta Ijumaa. Mama kakubali matokeo, ila kasema kila gunia likifika aitwe kwanza aje kuonja, na mara ya pili nisimpe chapati ya jana.

Hivi leo nimemwachisha kazi mama mkwe, au nimempandisha cheo?