Maelezo ya Mjomba Hayaeleweki

Shangazi Eunike, shikamoo, naomba unisikilize kabla hujanigombeza, kwani nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kompyuta hapa Kaloleni, na tangu watu binafsi waruhusiwe kufanya biashara kampuni za utalii zimekuwa nyingi na zote zinataka programu, basi mjomba wangu Aminiel ameunda vipande vya programu, kimoja cha kuhifadhi nafasi za vyumba, kingine cha kutoa ankara, ili mafundi wa kampuni hizo waviunganishe kwenye programu zao bila kuanza upya, na vipande vyenyewe ni vizuri mno, tatizo ni karatasi za maelezo, ameziandika kama anajikumbusha mwenyewe, hakusema popote kwamba lazima ufungue faili la vyumba kabla ya kuhifadhi nafasi, kwake hilo ni wazi, matokeo yake wageni wa hoteli moja iliyounganisha vipande hivyo walifika kutoka uwanja wa ndege wakakuta majina yao hayapo, wakalala kwenye makochi ya mapokezi, na mjomba akasema Lengai, fundi wa pale, ni mzembe. Mwezi ujao kampuni ya Moshi inachukua vipande hivyo hivyo, na wao wakiharibikiwa ofisi yetu imekwisha. Nimeandika maelezo mapya kwa siri, lakini naogopa, kwetu mpwa hamsahihishi mjomba, tena ndiye aliyenifundisha kompyuta, na akieleza jambo sote tunaitikia "ndiyo mzee" hata tusipoelewa. Nifanyeje?

Hedwiga, Kaloleni

Marahaba, Hedwiga. Pole, ila nitakugombeza hivyo hivyo. Mnamwitikia mzee wa watu "ndiyo" kutwa nzima, halafu mnashangaa anaamini ameeleweka? Huo ni woga, msiuite heshima. Na Lengai anabeba lawama isiyo yake huku wewe ukijua ukweli. Hilo limeniudhi.

Maelezo yako usiyatoe kwanza, ataona umeshamhukumu. Mwite Lengai ofisini, akae kwenye kompyuta na karatasi za mjomba, na mjomba mwenyewe awe pembeni, umwombe asiseme neno. Akimwona kwa macho yake mtu mwenye akili timamu anakwama, hutahitaji kumsahihisha. Hapo ndipo utoe yako, muandike upya pamoja, na kila hatua ijaribiwe na mtu asiyeijua. Kampuni ya Moshi isubiri.

Usikate tamaa, mwanangu. Anayeunda kitu ili wengine wakitumie anataka kitumike. Kesho ukishamwamkia, vuta kiti, mwambie, "Mjomba, hapa sijaelewa." Nadhani amengoja miaka mtu amuulize.