Besi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena. Studioni kwangu nimechanganya nyimbo mbili za kwaya, wa tatu nimeuacha. Bati linapiga kelele kuliko waimbaji. Mchana Ambokile, mume wangu, karudi kutoka hospitali na baba yake. Koo litapasuliwa tarehe kumi na tatu. Daktari kasema sauti haitarudi.

Miaka sita nimeolewa hapa Masukulu, sijawahi kumtazama baba mkwe usoni. Ndiyo mila. Wenzangu wa Tukuyu mjini wanakula meza moja na wakwe zao. Huyu wangu hataki hata kusikia. Namjua kwa sauti tu, kupitia ukuta. Akiimba alfajiri ile besi yake, sauti nzito ya chini, natulia kitandani nasikiliza. Baba yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, sauti yake siikumbuki hata kidogo. Hii sitaki iniponyoke.

Alhamisi, 6 Machi
Baba mkwe amekubali nimrekodi. Masharti: mimi nikae chumba cha pili na mitambo yangu, mlango ufungwe, Ambokile ndiye amwekee maikrofoni. Sawa. Nimefunika kuta zote za studio kwa mablanketi ili zisirudishe mwangwi. Nimejisifu.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu. Tumerekodi, sauti imetoka kama ya mtu aliye ndani ya gunia, na noti za chini bado zinavuma tu. Baba akataka asikie. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha nikamsikia akimwambia mwanawe, "Mwambie mkamwana, amenizika kabla ya siku zangu."

Nimelia jikoni. Halafu nikakasirika. Kwa nini aseme kweli?

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani, Mungu anisamehe. Kosa nimeliona. Blanketi jembamba linameza sauti za juu tu. Besi hailiogopi, inajikusanya kwenye pembe za chumba. Nimeng'oa yote. Mimi na Ambokile tumegonga fremu nne nene za mbao, kutoka sakafuni hadi darini, moja kila pembe. Ndiyo mitego ya besi. Tumeijaza masweta ya mitumba na yale mablanketi, tukaivalisha magunia ya viazi. Vumbi! Nimepiga chafya hadi jioni.

Jumanne, 11 Machi
Kesho wanaondoka kwenda hospitali. Leo au basi.

Mvua tangu saa mbili. Tumengoja. Ikakatika saa tisa. Baba kaingia, kaimba nyimbo tatu. Wa nne, koo likagoma katikati. Ambokile akasema, "Baba, tuache, inatosha." Akajibiwa, "Wewe nyamaza. Mkamwana asizime." Akaanza upya. Akamaliza.

Kila noti ya chini imesimama yenyewe. Hata pumzi yake naisikia. Nilikuwa upande wangu wa ukuta, nimeng'ata kanga. Nilitaka kumwambia asante kwa mdomo wangu. Nimemtuma Ambokile. Haitoshi.

Alhamisi, 13 Machi
Ambokile kapiga simu. Baba amepasuliwa. Anaendelea vizuri.

Sijagusa studio.

Jumamosi, 29 Machi
Baba karudi juzi. Nyumba imenyamaza. Alfajiri naamka, nangoja, kisha nakumbuka. Naitamani ile sauti.

Leo Ambokile kaenda sokoni Mpuguso. Nikiwa kwenye mitambo, nikasikia kiti kikivutwa studio. Ni Baba. Nikafunga mlango wa katikati, nikamwekea wimbo wa nne kwenye spika za huko. Ulipoisha, akagonga ukuta. Nikadhani anataka nizime. Nikazima. Akagonga tena, kwa nguvu. Nikaurudia.

Tumeusikiliza mara tano, kila mtu upande wake. Ulipoisha mara ya tano, hakugonga. Nikangoja. Nikagonga mimi.

Akajibu.