Daktari Aliyepanda Olenguruone Kuomba Radhi

Baba yetu, Daktari Kirtikant Vyas, mwaka umetimia tangu utuachie kliniki ya Bondeni na koti lako jeupe msumarini.

Kabla ya kumgusa mgonjwa uliunganisha viganja ukamwinamia. Nesi wako Wanjugu alikutania kwamba foleni haiishi kwa sababu unasalimia kila mtu kama mkwe. Ulimjibu kwamba dini yetu ya Kihindu inafundisha Mungu anakaa ndani ya kila kiumbe, basi anayeingia na kikohozi ameingia naye.

Tunaikumbuka zaidi siku uliyokosea. Ilikuwa siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo, siku yako ya kufunga, na tangu alfajiri hukuwa umekula wala kunywa. Mchana, kichwa kikikuzunguka, ulimwandikia Jeruto, mkulima wa Olenguruone, dawa ya presha mara mbili ya kipimo. Alizimia shambani, akalazwa siku tatu.

Mama alikusihi uende hekaluni ukatubu. Ukakataa.

"Nimemkosea Mungu akiwa ndani ya Jeruto. Nitamwomba radhi huko huko."

Ulifunga kliniki, ukatuambia kwamba Jeruto akikukataa hutaifungua tena.

Hetal, kitinda mimba wako, alikusindikiza hadi Olenguruone. Anasimulia ulivyoinama mpaka vidole vikagusa miguu ya Jeruto, ukamweleza yote, hata kufunga kwako. Jeruto alikusikiliza hadi mwisho, kisha akakuinua.

"Daktari, ng'ombe wangu amenipiga teke mara ngapi, na kesho yake namkama. Lakini wewe ukule kwanza ndio unitibu."

Akakupakulia ugali na maziwa, akasimama hapo mpaka ukamaliza. Jumatatu alikuwa wa kwanza kliniki, mkono wa sweta ameshaukunja tayari kupimwa presha. Tangu hapo, siku ya kufunga ikiangukia siku ya kazi, ulikula. Ulisema njaa yako isilipwe na mgonjwa.

Hetal amehitimu udaktari mwaka huu, Baba. Anaiogopa siku yake ya kukosea, lakini anajua atakwenda kwa nani kwanza.

Tunaokukumbuka: mkeo Kokila, wanao Nilesh na Hetal, mkweo Falguni, wajukuu zako, Wanjugu, na Jeruto wa Olenguruone.

Hatutakusahau hata siku moja.